Nyuzi Nilizomlegezea Mama

Sikumpenda yule mwalimu tangu siku ya kwanza, na sitajifanya kwamba nilimpenda baadaye. Alihamishiwa shule ya msingi ya kwetu Ikolo akitokea Dodoma, akaja kanisani na kinanda chake mgongoni, na kabla hajaijua hata njia ya kwenda Kyela mjini alikuwa ameshazijua kasoro zote za kwaya yetu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akaanza kuugua.

Mpiga gitaa wa kwaya nilikuwa mimi. Nilijifundisha mwenyewe, na mkono wangu wa kushoto ulifanya kazi kwa vidole vitatu. Kile kidogo kilikaa hewani tu. Mwalimu alikiona mbele ya watu wote. "Dada, hicho kidole ni mgeni wa heshima? Kipe kazi na chenyewe." Kwaya nzima ikacheka, na mimi nikaimeza aibu yangu.

Akanipa mazoezi. Kila kidole kiwe na chumba chake kwenye shingo ya gitaa, nipande do, re, mi mpaka do ya juu, kisha nishuke, polepole, huku simu ikinigongea mapigo. Niliyafanya nyumbani kwa hasira, kati ya zamu za kugeuza kakao kwenye turubai. Linaloniuma ni kwamba yalifaa. Akanieleza pia kwamba chodi si umbo la vidole la kukariri: ni do, mi na so zikilia pamoja, na ukiishusha ile mi nusu sauti tu, furaha inageuka majonzi. Nilikuwa nimeyapiga majonzi hayo kwenye misiba miaka mingi bila kujua yanatoka wapi. Wenzangu walimshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, Mwalimu." Mimi nilifunga gitaa langu nikaondoka bila asante.

Ila kulikuwa na jambo moja nisilotaka aliguse. Mwanzishaji wa nyimbo zetu alikuwa mama yangu mzazi. Tangu tumzike baba, kusimama mbele na kuanzisha wimbo ndicho kitu pekee alichokuwa nacho ambacho si shamba wala jiko.

Sisi huimba kwa sol-fa, na katika sol-fa do haina makao ya kudumu. Iko pale mpiga gitaa anapoiweka, wengine wote wanaifuata. Mwaka mmoja mama alikwaruza kwenye so ya juu, akakohoa, akasingizia vumbi la mpunga. Nilipofika nyumbani nikalegeza nyuzi zote sita nusu sauti. Jumapili iliyofuata akaifikia so bila taabu, akarudi kwenye benchi akitabasamu. Baada ya miaka michache nikalegeza nusu nyingine. Vidole vyangu vilikaa palepale, nyuzi zilipatana zenyewe kwa zenyewe, na hakuna aliyegundua. Watu walimsifu kwamba sauti yake haizeeki.

Kinanda ndicho kilichoharibu. Kwa nilivyojua wakati ule, kinanda hakilegezwi. Mwalimu aliweka simu yake juu ya gitaa langu, akaisoma, akatikisa kichwa. "Hili liko chini sauti nzima. Ndiyo maana nyuzi zinavuma kama nzi." Akazikaza yeye mwenyewe, bila hata kuniomba. Mama akaanzisha wimbo tuliokuwa tukiuandaa kwa mkutano wa kwaya kule Matema, na kwenye so ya juu sauti ikamkatika. Akarudia, ikakatika tena.

"Mama, hewa inatoka tumboni, si kooni," Mwalimu akamwambia, kijana ambaye mama angeweza kumzaa.

"Ndiyo, Mwalimu," mama akaitika, akajishika tumbo kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilitamani kumzaba kofi yule mtu.

Nikaenda nyumbani, nikalegeza tena. Mazoezi yaliyofuata, gitaa na kinanda vikagombana tangu mstari wa kwanza. Mwalimu akainua mkono, tukanyamaza.

"Nani kalichezea tena? Noti ya la ni ileile, iwe hapa, iwe Ulaya. Dada, vidole sasa unavyo, ila sikio huna."

Ningeweza kumwita pembeni. Kwetu udhaifu wa mzazi hausemwi hadharani, hilo hata mlevi analijua. Lakini damu ilikuwa imenipanda. "Sikio ninalo kuliko wewe!" nikapaza sauti. "Nimelegeza kwa sababu mama hafiki! Miaka sita sasa hafiki, mimi ndiye ninayemshushia!"

Mwalimu akaangalia kinanda chake, kisha akasema taratibu, "Dada, kina kitufe cha kushusha. Ungeninong'oneza tu, ningekibonyeza, na hakuna ambaye angejua." Upole ule niliuchukia kuliko kejeli zake zote.

Mama alikunja karatasi yake ya sol-fa mara mbili, akampa mwanamke aliyesimama kando yake, akahamia safu ya nyuma kwa waimba sauti ya pili. Wakamsihi. Akasema amechoka tu. Hasira hasara, wanasema, lakini hasara hii haikumwangukia mwenye hasira.

Tulikwenda Matema bila yeye. Nilipiga vizuri kuliko siku zote, vidole vinne, nyuzi zimekazwa sawasawa, akina mama wa Lyulilo, kijiji cha jirani, wakatupigia vigelegele. Njia nzima ya kurudi nilitamani gitaa lile lianguke lipasuke.

Nilimkuta mama uani akichambua mchele. Hakuuliza tuliimbaje. Nilikaa karibu naye, nikachukua konzi moja nikaanza kuchambua na mimi.

"Wale waliokuwa wakinisifu baada ya ibada," akasema bila kuinua uso, "walikuwa wanajua?"

"Hapana, mama. Hakuna aliyejua. Naapa."

Ilikuwa kweli tupu. Akaukunjua mkono wangu, akachukua ule mchele, akaurudisha kwenye ungo wake.

"Mwanangu," akasema, "usinidanganye tena."