Boma la Kilio

Boma lile la udongo, duara la watu wa kale lililoota miiba, lilikuwa nyuma ya zizi la Gobnait, na jina lake Lisagol, yaani Boma la Kilio. Kila mtu alikuwa na lake la kusema juu ya jina hilo. Mwalimu alisema waliolia ni mabinti wa mfalme wa kale. Padri alisema ni mbweha. Wazee walisema ni vibwengo waishio humo, ndiyo maana boma haliguswi. Wanaume walisema ni upepo, wakaagiza bia nyingine. Wanawake hawakusema kitu, wala hakuna aliyewauliza.

Gobnait aliolewa hapo akitokea ng'ambo ya mlima. Mtoto wake wa kwanza, wa kike, alikata roho kabla padri hajafika na maji ya ubatizo. Na asiyebatizwa hazikwi kwenye makaburi ya kanisa, ndivyo mila ilivyotaka. Basi mumewe, Conn, akakitia kichanga kwenye sanduku la sabuni, akatoka nacho alfajiri. Alirudi na matope magotini. "Yamekwisha," alisema. "Tusiyazungumze." Wala hawakuyazungumza, mpaka Conn naye akafa. Ukatili gani huo! Mama hakuonyeshwa hata pa kuweka ua.

Lakini kila alipokamua ng'ombe alimsikia mtoto wake. Kilio chembamba, cha njaa, kikitoka bomani. Na kifua chake kilichokauka, kifua cha ajuza, kikawa kinamvuta. Angesema angeitwa kichaa, kwa hiyo alinyamaza na kuendelea kukamua.

Mwaka mmoja mwanawe, Tadhg, akakodi tingatinga ili alisawazishe boma apande shayiri.

"Mwanangu, boma haliguswi."

"Mama nawe! Vibwengo wako walishahamia Amerika zamani, pamoja na mashangazi zangu."

Akacheka peke yake.

Asubuhi mashine ikaunguruma. Gobnait akatoka mbio na aproni yake, akasimama mbele ya chuma kile.

"Mama, ondoka hapo! Unataka kufa?"

"Zima! Dada yako yumo humu."

"Dada gani? Mimi sina dada."

"Unaye. Baba yako alimzika humu, na mimi sijui ni wapi. Ukichimba utamfukua."

Tadhg akazima. Ukungu ulikuwa umelala juu ya miiba, hakuna hata jani lililotikisika. Kikaja kilio. Gobnait akamtazama mwanawe, akaona damu imemkimbia usoni, naye moyo ukamlipuka kwa furaha na hofu pamoja: kumbe hakuwa kichaa!

"Unamsikia?"

"Nawasikia," Tadhg alisema. "Mama, mbona wako wengi hivi?"

Gobnait, miaka yote, alikuwa akimsikia mmoja tu. Wake. Akageuka taratibu kutazama nyumba za jirani bondeni, moja baada ya nyingine, ambamo ajuza wenzake walikuwa wakikamua saa ile ile, kila mmoja na kimya chake.