Betri za Redio ya Shule

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu chekechea hapa Turwa, nikakuta watoto wameizunguka kompyuta ndogo inayoimba herufi. Nikaikumbuka redio iliyotufundisha nyimbo shuleni kule Kisaka, nilipokuwa mtoto.

Betri zilipochoka, mwalimu alizianika juani juu ya bati, na watoto tulizilinda kwa zamu. Mchana mmoja zamu ilikuwa ya Bhoke, mwanafunzi mwenzangu. Alipokwenda kunywa maji nilizichukua, zikiwa za moto na zikinuka kutu, nikampelekea baba mdogo aliyekuwa akichimba dhahabu. Niliamini nyimbo zinakaa ndani ya betri, na kwamba zingemwimbia kule shimoni. Yeye alicheka, akazitia kwenye tochi.

"Bhoke, betri ziko wapi?"

"Sijui, Mwalimu. Nilikwenda kunywa maji tu."

"Muongo! Umewauzia wachimbaji!" watoto walimzomea. Nami nilizomea.

Baba yake alisema hasomeshi mwizi. Bhoke akabaki nyumbani kuchunga ng'ombe, hakurudi tena darasani.

Nilipokua nilijifunza kwamba nyimbo zilitoka mbali, hazikuwa ndani ya betri. Hilo nilikuwa silijui. Lakini betri zilikokwenda nilikujua, na nilinyamaza.