Mwanzi wa Mkono Mmoja

Watu wa shamba la mkonge la Kwemgunda, njia ya kwenda Pangani, walikuwa na namna mbili za kumtaja Laurenti. Waliomjua zamani walimwita Laurenti wa korona. Waliokuja baadaye walimwita Laurenti wa mianzi. Kati ya majina hayo mawili kulikuwa na miaka ambayo mwenyewe hakutaka kutajwa kwa jina lolote.

Alikuwa Mngoni wa Songea, mtu wa kimo, mcheshi, mwenye sauti ya kuongoza nyimbo kanisani. Alikuja Tanga na lori la manamba, vibarua wa mkataba, akakata mkonge msimu baada ya msimu, na mwanzoni mwa miaka ya hamsini wakampandisha korona, kwenye mashine inayoponda majani na kutoa nyuzi nyeupe. Ilikuwa kazi ya kelele na maji machafu yanayowasha ngozi, lakini ilikuwa kivulini, na mkewe Praxeda alimshukuru Mungu kwa hilo.

Mwenzake pale mashineni alikuwa Idarusi, mtu wa Tongoni, Mwislamu mpole wa maneno machache. Laurenti alipokea majani na kuyapanga, Idarusi alisimama kwenye wenzo wa kuwasha na kuzima. Walikula pamoja, na Idarusi alipotoka kwao alimletea Praxeda samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye majani ya mgomba.

Asubuhi moja nyuzi zilijisokota kwenye meno ya mashine, ikasimamishwa. Laurenti akaingiza mkono kuzichomoa. Mnyapara, aliyekuwa mlango wa mbali na hakuona kitu, akapuliza filimbi ya kuendelea na kazi. Idarusi akavuta wenzo.

Hospitalini mjini waliukata mkono wa kulia chini kidogo ya kiwiko. Idarusi alifika hadi dirisha la wodi, akasimama nje ameshika kofia yake, na Laurenti alipogeuza uso kumwona, yeye akaondoka. Hakurudi korona. Watu walisikia amekwenda zake Tongoni, anasuka madema ya kutegea samaki kama baba yake.

Mkurugenzi wa shamba, Mgiriki mmoja aliyeitwa Bwana Kosta, hakumfukuza Laurenti. Alimpa kazi ya kulinda bwawa. Lilikuwa bwawa la maji ya korona, lenye matete upande mmoja, na Bwana Kosta alikuwa amepanda humo samaki wa kigeni walioletwa kutoka Kenya ndani ya mapipa, juu ya lori, kupitia mpaka wa Horohoro. Wazungu waliwaita besi. Wafanyakazi waliwaita bakuli, kwa sababu samaki yule akifungua mdomo, kichwa chote kinakuwa mdomo. Jumapili Bwana Kosta na wageni wake walikuja kuwavua kwa starehe. Samaki wakubwa waliwachukua, wadogo wakawarudisha majini, jambo lililowashangaza watu wote waliowahi kulala njaa.

Laurenti alikaa pale mchana kutwa, kisiki cha mkono amekificha ndani ya shati. Kanisani aliacha kuimba. Nyumbani aliacha kuzungumza. Praxeda alimkatia ugali akala bila kutazama sahani. Binti yao, Benedikta, alijifunza kupita mbele ya baba yake kwa kunyata.

"Baba Benedikta," mkewe alimwambia siku moja, "ulipoteza mkono. Mbona umetuzika sisi?"

Aliinuka akarudi bwawani. Lakini neno lilimwingia, na lilikuwa bado linamchoma siku ile Bwana Kosta alipovunja fimbo yake ya kuvulia kwenye gogo, akatukana kwa Kigiriki, akaitupa kwenye matete.

Laurenti aliiokota. Kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ya kufanya, akakaa kuichunguza. Alidhani ni mwanzi mzima, kumbe sivyo. Palipovunjika palionyesha fito sita nyembamba, kila moja imekwanguliwa pembe tatu, zikabandikwa pamoja kwa gundi hata zikawa kitu kimoja. Juu yake uzi wa hariri ulizungushwa kukaza pete ndogo za kupitishia mshipi, kisha vanishi. Aliipinda, ikarudi. Aliipinda tena. Praxeda, aliyemletea chakula, alimkuta anaifanya hivyo huku ameutoa mkono wake uliokatika nje ya shati, ameusahau kabisa.

Ndipo jambo lilipoanza. Laurenti alitaka fimbo yake mwenyewe, itakayomfaa mtu wa mkono mmoja: shina lake lilale juu ya kisiki, lifungwe kwa ngozi hadi kiwikoni, ili mkono wa kushoto ubaki huru kuzungusha roda ya kukunjia mshipi, ile iliyobaki kwenye fimbo iliyovunjika. Aliichora kwenye mchanga. Akapata mwanzi mzuri wa milimani kutoka kwa madereva wa malori ya Amani. Akaukausha juu ya moshi wa jikoni. Lakini kuupasua ukawa mtihani. Alijaribu kuubana kwa magoti, kwa meno, kwa kuufunga mlangoni. Kisu kilikwenda upande, fito zikatoka nene huku na nyembamba kule. Mwisho akautupa mwanzi uani, akaingia ndani, akalala na viatu.

Praxeda aliuokota mwanzi. Siku ya pili alifunga khanga yake vizuri, akapanda lori la shamba hadi njia panda, akatembea mpaka Tongoni. Alimkuta Idarusi barazani kwake, amezungukwa na fito za mianzi zilizopasuliwa sawasawa kama uzi wa fundi cherehani.

Idarusi alipomwona alisimama. "Shemeji," alisema, akaweka kisu chini.

"Sikuja kukulaumu," Praxeda alisema. "Nimekuja kukwambia kuna mwanzi wa kupasua."

Idarusi alifika Kwemgunda kesho yake, na kisu chake kiunoni. Laurenti alikuwa uani. Alipomwona mgeni akageukia jikoni.

"Nani amemwita huyu?"

"Mimi," Praxeda alijibu kutoka jikoni.

"Unajua yeye ni nani?"

"Ningekuwa sijui, ningemwitaje?"

Laurenti akachukua fimbo ya kutembelea, akatoka, akaenda bwawani. Idarusi akabaki amesimama katikati ya ua. Praxeda akamwekea kigoda, akamwekea mwanzi, akarudi kwenye moto wake. Laurenti aliporudi alikuta fito sita zimelala juu ya mkeka, moja kama nyingine, na Idarusi ameshakwenda.

Alikuja tena juma lililofuata, na lile la baadaye. Mwanzoni Laurenti aliondoka kila alipofika. Kisha akawa anabaki, amempa mgongo. Kisha siku ya kubandika ikafika, na gundi ya seremala haisubiri ugomvi wa watu, ikipoa imepoa. Mmoja ilibidi ashike fito, mwingine azungushe kamba ya kuzikaza. Walifanya kazi ile vichwa vyao vimekaribiana, hawakuzungumza ila "kaza" na "legeza."

Uzi wa hariri Praxeda aliununua mjini, Ngamiani, kwenye duka la vifaa vya washonaji, rangi ya damu ya mzee. Laurenti aliushika ncha kwa meno, akauelekeza kwa kidole gumba cha kushoto, huku Idarusi akiuzungusha mwanzi polepole magotini mwake. Kazi hiyo haitaki haraka. Uzi ukipanda juu ya mwenzake, unafungua wote na kuanza upya. Ilikuwa katikati ya pete ya tatu Laurenti alipouachia uzi kutoka menoni.

"Siku ile," alisema, "ulisikia filimbi?"

Mikono ya Idarusi ikasimama. "Nilisikia."

"Ukatazama?"

Jikoni Praxeda alisimama na mwiko mkononi.

"Sikutazama," Idarusi alisema. "Nilikuwa nimezoea. Filimbi ikilia, mkono unakwenda wenyewe. Ningegeuza shingo tu, ningekuona. Sikuigeuza." Akasema tena, polepole zaidi: "Sikutazama, Laurenti."

Laurenti aliutazama uzi. Hospitalini walimwambia ni ajali. Padri alimwambia ni siri ya Mungu. Bwana Kosta alimwambia ni mashine, mashine haina macho. Kila mmoja alimpa neno la kumfariji, na kila neno lilimwacha palepale, kwa sababu yeye alijua kulikuwa na mtu kwenye wenzo, na mtu ana macho.

"Wewe ndiye wa kwanza kuniambia," alisema mwishowe.

Hakusema kwamba amemsamehe. Idarusi naye hakuomba. Walifungua uzi ule hadi mwanzo wa pete, kwa kuwa ulikuwa umelegea, wakaanza upya. Lakini jioni Idarusi aliposimama kuaga, Laurenti alisema, "Kaa ule," naye akakaa.

Jumapili baada ya misa, Bwana Kosta akiwa amesafiri kwenda Dar es Salaam lakini ameacha ruhusa, Laurenti alifunga mkanda wa ngozi kiwikoni, akashuka hadi penye matete. Alitia chura mdogo kwenye ndoana. Mara ya kwanza mshipi ulimwangukia miguuni. Mara ya pili ulinasa kwenye tete. Watoto wa kambi ya wafanyakazi walicheka, Praxeda akawafukuza. Hatimaye chura aliangukia mahali penye kivuli, maji yakatulia.

Besi hagongigongi chambo kama samaki wa baharini. Maji yalipasuka, mshipi ukakimbia, na fimbo yote ikapinda hadi ncha ikagusa maji. Uzito ulimshukia Laurenti kwenye kisiki. Kovu halikuwa limezoea uzito. Maumivu yalipanda hadi begani, akatoa sauti ambayo Praxeda alikuwa hajaisikia tangu hospitalini. Idarusi, aliyekuwa ng'ambo ya matete, alikimbia kuja kushika.

"Usiniguse!"

Idarusi akasimama, maji magotini.

Samaki akaruka, akatikisa kichwa, akarudi chini. Laurenti alikuwa anazungusha roda kwa mkono wa kushoto, anaacha, anazungusha, jasho na machozi yamechanganyika. Mwanzi ulishikilia. Fito zile sita ziliinama pamoja, zikainuka pamoja. Samaki alipoletwa karibu, amechoka, analalia ubavu, Laurenti alijiona hana mkono wa kumchotea. Mmoja ulikuwa kwenye roda, na mwingine haupo.

Akageuka. "Idarusi," alisema. "Mchote."

Walimla siku ileile. Idarusi alitafuna kwa adabu, akameza, akasema, "Ana ladha ya tope, shemeji. Wa kwetu Tongoni hana mfano." Benedikta akacheka. Laurenti naye akacheka, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe.

Habari haina miguu ila inatembea. Shamba kubwa la mkonge halikosi watu waliokatika viungo. Wa kwanza kuja alikuwa Ernesti, mkata mkonge aliyepoteza vidole vitatu. Alitaka shina nene, lenye shimo la kidole gumba. Baada yake akaja mzee mmoja aliyechomwa jicho na mwiba wa mkonge, akataka ncha ipakwe chokaa aione. Laurenti alimpima kila mtu kwa utaratibu: alimwomba aunyoshe mkono alio nao, akautazama bila kugeuza uso, akaugusa mahali panapouma na mahali pasipouma. Wengine walikuwa hawajaguswa pale na mtu yeyote tangu bandeji zitolewe. Kisha aliwaza shina la namna gani litakaa hapo. Idarusi alipasua, Laurenti alifunga uzi, Praxeda alipaka vanishi kwa manyoya ya kuku.

Jumapili alasiri Bwana Kosta aliwaachia upande wa matete. Walikaa ukingoni, watu wazima, wamenyamaza, kila mmoja na fimbo isiyofanana na ya mwenzake. Wapita njia walidhani wanatafuta kitoweo. Wengi walipompata samaki mdogo walimrudisha, kama Wazungu, na hawakuweza kueleza kwa nini. Idarusi hakuvua hata siku moja. Alikaa nyuma yao na kisu chake, akirekebisha kilicholegea.

Mwaka wa hamsini na nane kifua kilimshika Idarusi, akakohoa masika mazima, na vuli haikumkuta. Laurenti na Praxeda walifika Tongoni asubuhi. Nyumba ilikuwa imejaa, na mjane wake, Mboni, alimshika Praxeda mkono. Wanaume waliposwali, Laurenti alisimama pembeni kichwa wazi. Jeneza lilipobebwa aliingiza bega lake la kushoto, watu wakampisha.

Kaburini kila mtu aliinama kutia konzi tatu za udongo. Laurenti alipoinama, mtu nyuma yake alimnong'oneza, "Kwa mkono wa kulia, bwana." Mtu huyo hakuwa amemtazama vizuri. Wengine walipoona kisiki wakaona haya.

Shekhe aliyesimamia maziko alisema, "Mwacheni. Atie kwa mkono alio nao."

Laurenti akatia konzi tatu kwa kushoto, taratibu, asiache udongo umwagike pembeni. Kisha alibaki amechuchumaa mpaka Ernesti, aliyekuja kwa baiskeli kutoka Kwemgunda, akamwinua.

Baada ya arobaini Mboni aliwaita. Chini ya dari ya jiko palikuwa na mianzi ambayo Idarusi aliikata na kuikausha kabla hajalala kitandani, mingine ameshaipasua. "Alisema ni ya kwenu," aliwaambia. "Mimi sijui kazi yake, ila nimeifuta vumbi."

Laurenti aliimaliza yote, fimbo baada ya fimbo, na hakuna iliyokwenda kwa mtu mwenye mikono miwili. Mianzi ile ilipokwisha, Praxeda alichukua kisu, akaanza kujifunza kupasua. Ya kwanza ilikwenda upande. Laurenti akapanda basi la Muheza kutafuta mingine, akaingia kichakani na kuigonga mmoja mmoja kwa fundo la kidole, akisikiliza upi umekomaa.