Jiwe la mama mkwe na sampuli nilizokata ndefu kwa heshima

Wakuu, salamu kwa Busia hii ya Uganda na Busia ile ya Kenya. Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Mimi ni fundi wa maabara ya mawe hapa Tororo. Nimeoa kule kijijini Mulanda, na mama mkwe ana kilima, anapasua mawe na akina mama wenzake. Mkandarasi wa reli akayataka, mradi yapite jaribio la kugongwa. Garimoshi halilikalii jiwe polepole, linalipiga.

Sasa waliooa huku wanajua. Mama mkwe humsogelei, humpi mkono, maneno yote yanapitia kwa mke.

Mke wangu Athieno akaleta jiwe na ujumbe: "Mama anasema usimkatie vidogovidogo kama mtu mchoyo."

Na mimi yule mama nampenda jamani. Nikakata sampuli za mviringo, ndefu mara mbili ya upana wake. Jaribio la kubana polepole ndilo linataka hivyo, nikaona heshima na kazi vimekutana.

Tukagonga. Kipande kimoja kigumu, kingine kama udongo, kutoka jiwe lilelile!

Injinia wa mkandarasi akasema, "Nikiandika hivi, kilima kimekataliwa." Nikarudi kuviangalia upya vile vipande.

Iko hivi wakuu. Pigo linasafiri ndani ya jiwe. Sampuli ikiwa ndefu, mbele inapasuka wakati nyuma haijasikia kitu, kwa hiyo unapima urefu, hupimi jiwe. Kwa pigo la ghafla unakata fupi, hata nusu ya upana, na nyuso mbili zilale sawasawa, ili kipande chote kibanwe pamoja.

Nikamwambia Athieno nakata vidogo. Akacheka, "Kumwambia mama utajua mwenyewe."

Nikakata. Majibu yakalingana, jiwe ni gumu kwelikweli. Injinia akapitisha.

Jumamosi mama mkwe akaja maabara. Akasimama nje, mgongo kwa mlango, kipande kifupi mkononi. Tangu nioe hajawahi kunisemesha.

"Mkwe, hii umekata kidogo sana," akasema. "Lakini imenitetea. Asante, mtoto wangu."

Akaenda zake. Nikabaki nalia mbele ya mashine, mtu mzima.

Nilichojifunza: kata sampuli kwa namna itakavyopigwa, si kwa namna unavyompenda mwenye jiwe.

Wa maabara, nyie mnakata vipi? Na nyie wenye wakwe Mulanda, nishaurini: mama mkwe akikuita mtoto wake, unamjibuje?