Umeanza Juu, Hadija

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka majirani wanauliza nimepatwa na nini. Siku hiyo nilinuna kwa sababu mtu alinisikiliza. Wewe sasa umepewa kwaya ya shule uifundishe. Watoto watasimama mbele yako waimbe, halafu watakutazama usoni wangoje useme. Kaa basi nikusimulie, maana hicho utakachosema ndiyo kazi yenyewe.

Nilikuwa darasa la saba, hapa hapa Mtinko, na mimi ndiye niliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo. Kinanda hatukuwa nacho. Mwanzishaji anatoa mstari wa kwanza kwa mdomo wake, na pale alipoiweka sauti ndipo kwaya nzima inapomfuata. Na sauti nilikuwa nayo, sikudanganyi! Nikimwita mdogo wangu arudishe mbuzi, hata watu wa ng'ambo ya mashamba waligeuka. Walimu wakanisifu, mashangazi wakanisifu. "Hadija, safi sana!" "Hadija ni moto wa kuotea mbali!" Kichwa kikavimba, wee! Nikawa napita uwanjani kama mke wa mkuu wa wilaya.

Tulikuwa na wimbo wa kuwakaribisha wazazi siku ya mahafali. Katikati yake kuna mstari unaopanda: "tunalima, tunavuna, tunaimba." Kila tukifika hapo, wenzangu wote wananyamaza, nabaki mimi peke yangu huko juu. Unajua nilidhani nini? Nilidhani wananyamaza ili wanisikilize! Nilidhani utamu umewazidi. Mungu anisamehe.

Basi ikiwa imebaki wiki moja, kwaya akakabidhiwa mwalimu mpya, Mwalimu Penina, binti mdogo tu, mpole. Tukamwimbia wimbo mzima. Hakutukatiza, hakupiga soga na mtu, hakutazama dirishani. Tulipomaliza nikasimama wima, nasubiri "safi sana" yangu.

"Hadija," akasema, "maneno yako yanasikika yote, hakuna hata moja ulilolimeza. Hilo lishike. Lakini umeanza juu. Pale kwenye 'tunalima' wenzako hawanyamazi kwa kupenda. Hawafiki. Anza chini kidogo, turudie."

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Loo! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema, "Basi mwalimu tafuta mwingine," nikatoka bila hata kuomba ruhusa, jambo ambalo enzi zile lilitosha kukuletea fimbo. Njiani nikakata shauri kwamba siimbi tena, wala kwenye mahafali hayo sitasimama. Nilisema hivyo huku moyo unaniuma, kwa sababu mama yangu hakuwahi kuniona nikianzisha wimbo mbele za watu. Alikuwa ameshaahidi kuja, na kitenge chake cha heshima kilikuwa kimeshafuliwa.

Nilimkuta uani anapiga alizeti kwa fimbo, vichwa vimetandazwa kwenye turubai. Nikammwagia yote nikilia. Alinisikiliza huku anaendelea kupiga. Kisha akauliza, "Hao wanaokusifu, wanasema umefanya nini vizuri?"

"Wanasema safi sana."

"Safi nini?"

"Safi tu, mama."

"Na huyo mwalimu, alisemaje?"

Nikamweleza neno kwa neno. Maneno yangu yanasikika yote. Nimeanza juu. Kwenye mstari wa "tunalima" wenzangu hawafiki.

Mama akaiweka fimbo chini. Akasema kwa Kinyaturu chetu cha nyumbani, taratibu, kama anavyosema akiwa hataki kurudia: "Katika wote hao, aliyekusikiliza ni huyo mmoja tu. Wengine walikuwa wanapiga makofi." Kisha, kwa kuwa mama yangu alikuwa mtu wa haki, akaongeza, "Ila angekuita pembeni. Hapo kakosea. Haya, futa machozi, shika fimbo unisaidie."

Kesho yake nikawahi shuleni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Hadija. Jana nilikusahihisha mbele ya wenzako wakakucheka. Samahani. Leo tuanze mimi na wewe."

Mwalimu kumwomba mtoto samahani! Akaniambia nianze chini kabisa, kisha juu kidogo, tena kidogo, mpaka tukapapata pale panapofaa. Ndipo tukawaita wengine. Nikaanzisha. Moyoni nasema, hii ni sauti ya mgonjwa, nani ataisikia? Tukafika kwenye "tunalima" na, mwanangu, nyuma yangu sauti zote zikapanda! Wasichana juu, wavulana chini, wote wapo. Nilishtuka nikageuka kuwaangalia. Nilikuwa nimeimba nao mwaka mzima na sikuwahi kuwasikia. Nikacheka kwa furaha mpaka nikasahau mstari unaofuata, na Mwalimu Penina naye akacheka.

Siku ya mahafali tuliimba hivyo hivyo. Mama alipanda juu ya benchi akapiga vigelegele mpaka mwenyekiti wa kijiji akamwomba ashuke. Jioni nikamuuliza nimeimbaje. Hakusema safi sana. Alisema, "Pale kwenye 'tunalima' nimewasikia wote." Sijapata kusifiwa vizuri kuliko hapo.

Sasa sikiliza. Mtoto akiimba, weka simu chini. Simu zenu hizo! Usimrekodi ukaenda kumchekea kwenye magrupu. Msikilize mpaka mwisho. Kisha mwambie alichofanya vizuri, ukitaje kabisa, mstari gani, neno gani, ajue cha kushika. Halafu mwambie jambo moja la kurekebisha. Moja tu, hata kama umesikia lukuki, mengine yana siku yake. Usimwambie ana sauti mbaya, sauti hakuinunua dukani akachagua vibaya. Mwambie alichofanya na namna ya kukifanya vingine. Kama ni jambo la kumwaibisha, mwite pembeni. Na hili wengi wanalisahau: mpe nafasi ajaribu palepale, aondoke akiwa amelisikia likikaa vizuri kinywani mwake mwenyewe. Na ukikosea, mwombe samahani. Hutapungua kimo, mimi nimeshaona.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio yenye subira na ulimi wenye huruma. Na watoto hao watakapokuwa wazee kama mimi, hata wakisahau nyimbo zote ulizowafundisha, wakumbuke kwamba walipofungua mdomo kulikuwa na mtu anawasikiliza. Amina.