Picha za Kichwa za Mama wa Ubaruku

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chumba cha mashine cha hospitali moja jijini Mbeya, walikuwepo hawa: Mhandisi wa Kanda, ambaye sote tulimwita Bwana Mhandisi, Mama Sanga, msimamizi wa idara ya picha, Kagusa, dereva wa kampuni, na mimi, Flora, nimeshika mfuko wenye kanga na viazi vya kuchemsha. Nawataja wote kwa sababu siku hizi nasikia watu wengi wakisema ndio walionifundisha kazi. Walionifundisha ni hao, na Kagusa alinifundisha zaidi mahali pa kununua chakula.

Niliajiriwa kuvuta nyaya. Shule niliiacha kidato cha pili, baba na mama walipofariki wakifuatana. Mimi ndiye wa kwanza, na nyuma yangu walikuwepo Neema na Yohana. Tulikaa Kihesa, Iringa, katika vyumba viwili alivyotuachia baba. Nilipika kwa mama ntilie Mlandege, nikabeba matofali, kisha nikamfanyia kazi mkandarasi wa nyaya za simu. Kampuni iliyohudumia mashine za hospitali ilipotafuta mtu wa kupita darini, Kagusa alinitaja, akasema ni mwembamba na haogopi popo.

Nilidhani waya ukishafika pande zote mbili kazi imekwisha. Bwana Mhandisi akanivutia kiti mbele ya kompyuta yenye skrini nyeusi, isiyo na picha wala vitufe, maandishi tu.

"Sasa uliza," akasema.

Nikamtazama Mama Sanga. Naye akanitazama mimi. Niulize nini, na nimwulize nani?

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mnabonyeza alama ya kijani na mambo yanakwisha, lakini wakati wetu tuliandika amri kwa mkono, herufi moja moja. Ya kwanza ilikuwa ping. Unaandika ping, halafu anuani ya mashine ya upande wa pili, ambayo ni tarakimu tupu, na ile mashine ikiwa hai inajibu. Ya pili ilikuwa ndefu, inaanza na echoscu, na ndani yake unataja jina la mashine yako, jina la mashine unayoiita, na namba ya mlango wake. Tuliyoiita mara nyingi ni ghala, yaani seva iliyokaa Mbeya na kutunza picha zote, za eksirei na za CT scan.

"Ping ni kujua kama barabara inapitika," Bwana Mhandisi alisema. "Hiyo ya pili ni hodi. Unagonga na kujitaja. Ghala likilijua jina lako linaitikia. Lisipolijua, hata ungekuwa umesimama kizingitini halifungui."

Sikuelewa. Nilizikariri amri hizo kama nilivyokariri katekisimu wakati wa kipaimara, neno kwa neno, nikitumaini maana itakuja nyuma. Nyingine ilikuja. Nyingine naingojea hadi leo.

Kila mashine ilipewa jina kwa herufi kubwa. Kompyuta ya kwanza ya kusomea picha pale Mbeya iliitwa TULINAGWE, kwa heshima ya muuguzi aliyeiongoza idara kabla ya Mama Sanga na kufariki akiwa bado kazini. Miaka ilipopita ikaletwa kompyuta mpya. Mama Sanga na wenzake hawakutaka jina lile lipotee, kwa hiyo mpya nayo ikaitwa TULINAGWE. Ile ya zamani ilikuwa bado nzima, ikapakiwa kwenye gari la Kagusa kwenda hospitali ya misheni Iringa, nami nikahamishwa pamoja nayo. Tuliibadilisha anuani tu. Mengine yote tuliyaacha kama yalivyokuwa.

Mkuu wangu mpya alikuwa Mganga Mfawidhi, mtu wa maneno machache. Kila asubuhi alipita mlangoni kwangu akanisalimu kwa Kihehe, "Kamwene", nikaitikia, kisha akauliza kama mtandao unapumua. Nilikuwa nimeshapiga ping, nimeshapiga hodi, na ghala la Mbeya limeshaitikia. Nikamjibu unapumua. Tulituma picha zetu Mbeya zikasomwe huko, nazo zilifika bila shida. Kuomba picha kutoka ghalani zije kwetu hatukuwahi, maana hatukuwa na haja.

Haja ilikuja na Ngolo. Wazazi wake walihamia Ubaruku, upande wa Mbeya, kutoka kaskazini na ng'ombe wao, naye alikuwa akilima mpunga huko. Alimleta mama yake aliyekuwa akianguka bila sababu. Wakati huo alikuwepo hospitalini kwetu daktari bingwa wa upasuaji wa kichwa, mgeni wa siku chache, na siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Tulimpiga mama picha, na ndani ya kichwa kukaonekana uvimbe.

Ngolo akasema kwamba mama yake aliwahi kupigwa picha kama hizo Mbeya, miaka ya nyuma, alipoumwa sana kichwa. Daktari bingwa akageuka kwangu. Alitaka kuziona. Kama uvimbe ulikuwepo tangu wakati ule na ukubwa ni uleule, hatagusa, atampa dawa. Kama umekua, atafungua kichwa mchana uleule.

Ngolo akauliza, "Na zisipopatikana?"

"Nitafungua. Siwezi kuondoka nimemwachia kitu nisichokijua."

Ngolo alikaa chini, na kofia yake akaiweka magotini.

Nikaenda kwenye mashine. Ping, ikajibu. Hodi, ghala likaitikia. Nikauliza orodha ya picha za mama yake Ngolo, ikaja safi, jina lake na aina ya picha. Nikaamuru picha zije. Skrini ikaandika kwamba zimetumwa zote. Nikafungua kabati la picha la mashine yangu, halina kitu. Nikarudia. Zimetumwa zote. Hakuna kitu. Niliizima mashine nikaiwasha. Nilichomoa waya nikauchomeka. Nilianza upya kwa ping kana kwamba ping imenidanganya, na kila nilichouliza kikajibiwa vizuri, na kadiri majibu yalivyokuwa mazuri ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa. Mtandao uliokatika naujua, unatafuta mahali ulipokatika. Huu ulikuwa mzima.

Nikampigia Bwana Mhandisi Mbeya. Akaniambia nipige ping.

"Nimepiga, Bwana Mhandisi."

"Hodi?"

"Linaitikia."

"Basi ni nzima."

"Ni nzima, lakini picha hazipo."

Akasema haiwezekani, akaniagiza nirudie hatua zote akisikia. Nikarudia. Akasema tena haiwezekani, safari hii kwa sauti ya chini. Tulikuwa wawili sasa tusioelewa, na yeye ana shahada. Mganga Mfawidhi alichungulia mlangoni, akaona uso wangu, akaondoka bila kuuliza kama mtandao unapumua. Mtu mmoja akashauri picha ziletwe kwa basi. Daktari bingwa akasema basi likifika yeye atakuwa ameshaondoka. Nikasikia nesi akimwambia mama yake Ngolo avue hereni.

Ngolo alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Dada, hiyo mashine inasema nini?"

"Inasema ghala limetuma."

"Limetuma wapi?"

Nikalirudia swali kwenye simu kama lilivyo. Limetuma wapi? Nyuma ya Bwana Mhandisi, Mama Sanga alikuwa akigomba. Nilimsikia waziwazi. Alisema kuna mtu anamjazia kompyuta yake vichwa vya mwanamke ambaye hakumwomba, akifuta zinakuja tena, na yeye ana mguu wa mtu wa kusoma.

"Flora," Bwana Mhandisi akasema taratibu. "Hiyo mashine yenu huko inaitwaje?"

"Tulinagwe."

"Na hii ya Mama Sanga?"

"Tulinagwe," nikasema tena.

Nitawaeleza kama nilivyoelezwa. Ghala likiombwa picha haliangalii ombi limetokea barabara ipi. Linasoma jina la aliyeomba, linatafuta katika kumbukumbu zake jina hilo linakaa wapi, na linapeleka huko. Kwenye kumbukumbu zake Tulinagwe ni mmoja, na anakaa Mbeya. Hodi yangu iliitikiwa kwa sababu jina lilikuwa sahihi. Picha zilikwenda kwa mwenye jina. Sisi tuliozipa mashine majina tumekulia majumbani ambamo babu na mjukuu wana jina moja, wanakula sahani moja, na akiitwa mmoja kila mtu anajua ni yupi. Tulizipa mashine jina kwa moyo huo, bila hata mmoja wetu kusita.

Dawa ilikuwa kuibatiza upya mashine ya Iringa na kulijulisha ghala jina jipya na anuani yake. Lakini ghala lile la zamani halikupokea jina jipya mpaka lizimwe na kuwashwa, na kuwaka kwake kulichukua muda mrefu. Wakati huo wote Mbeya isingeweza kupiga picha, maana zisingekuwa na pa kutunzwa, na nje ya chumba cha Mama Sanga benchi lilikuwa limejaa.

Bwana Mhandisi akasema hana mamlaka ya kuwasimamisha wagonjwa. Mama Sanga akasema hata yeye hana, ila mdomo anao. Aliiacha simu wazi mezani akatoka. Sikusikia alichowaambia. Alinieleza baadaye kwamba alisema yupo mama Iringa anayekaribia kufunguliwa kichwa, na picha za kumwokoa zimo humu, na ili zimfikie lazima mashine zilale kwanza. Alikuwepo binti aliyevunjika mkono, umefungwa kwa kanga. Alikuwepo mwanamke aliyetoka Chunya tangu jana yake. Mzee mmoja wa Tukuyu aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, aliyekuwa anakohoa, akajibu kwa niaba yao.

"Mwambie huyo mama sisi tupo."

Bwana Mhandisi akazima ghala. Mimi nikaandika jina jipya, IRINGA, maana sikuwa na muda wa kufikiria la heshima. Tukangoja. Nilipiga hodi, ikakataliwa. Nikapiga tena, ikakataliwa. Ngolo alikuwa akisoma midomo yangu. Kisha ghala likaitikia. Nikaziomba picha, zikaanza kuingia, kipande baada ya kipande, kichwa cha mama yake kikijijenga mbele yetu.

Daktari bingwa aliziweka za zamani kando ya mpya. Alipima, akapima tena. Uvimbe ulikuwa uleule. Akasema mama apewe dawa, arudi nyumbani, na aletwe kila mwaka kupigwa picha. Kisha akatoka kwenda kula. Mama yake Ngolo akaomba hereni zake.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, Iringa na tena Mbeya, chini ya wakuu wengine, mpaka nilipostaafu. Neema alimaliza ualimu, Yohana ana karakana yake Mlandege, na nyumba ya Kihesa sasa ina vyumba vinne. Vijana wa kampuni hunipigia simu mashine zikiwashinda. Huwaambia wapige ping, wapige hodi, halafu waulize majina. Wakiniuliza kwa nini ghala halikuona kwamba anuani si ileile, nawaambia wamwulize Bwana Mhandisi. Mimi hilo sijalielewa mpaka leo.

Kila mavuno Ngolo hunitumia gunia la mchele, na salamu za mama. Napokea, kisha namwambia anamshukuru mtu asiyestahili peke yake. Nilipokwenda Mbeya kuaga, nilimwomba Mama Sanga anikumbushe watu wa benchi lile, hata mmoja tu, nimtafute. Alifikiri sana. Akasema walikuwa wagonjwa, walipigwa picha zao jioni, wakaenda makwao. Kama binti yule mkono uliunga vizuri hajui. Kama mzee wa Tukuyu alifika nyumbani kabla ya giza hajui. Walitoa mchana wao kwa mama wasiyemjua, kwa ajili ya mashine nisiyoielewa, na hakuna aliyerudi kuwaambia kwamba picha zilifika. Hilo deni nimestaafu nalo.