Kiwanja Namba Arobaini na Moja

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alipiga vigingi vya ofisi ya ardhi kwa miaka ishirini na minne. Wapimaji walikuja na kuhamishwa, yeye akabaki. Mpimaji akisimama nyuma ya chombo chake cha miguu mitatu, akipunga mkono kushoto, kulia, basi hapo hapo, shangazi alishusha nyundo. Viganja vyake vilikuwa vigumu hata akiepua sufuria hahitaji kitambaa. Hakujaliwa mtoto wa kuitwa kwa jina lake, kwa hiyo watu walimwita Mama Vigingi, naye aliitika kwa furaha.

Alipanga chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri. Ofisi ilipoamua kugawa viwanja pembezoni mwa mji, iliwakumbuka wafanyakazi wake wa siku nyingi, na shangazi akapewa namba arobaini na moja: ardhi tambarare, kando ya korongo linaloshuka kutoka msitu wa mlimani hadi bwawani.

"Dada, sasa unajipimia mwenyewe," baba alimtania. "Usije ukakisogeza kigingi!"

Siku ya kupima alikwenda na mpimaji mpya, binti aliyetoka chuoni mwaka huo huo. Shangazi alipiga kigingi cha kwanza cha kiwanja chake, akainama kuchukua cha pili, akaona kobe. Nyuma yake mwingine. Hadi saa sita mchana walikuwa saba, wote wanapanda kutoka bwawani, wanakatiza pale pale.

"Mama, hawa wanakwenda wapi?" binti aliuliza.

"Kutaga. Wanaishi majini, lakini mayai wanayafukia kwenye udongo mkavu kule juu. Kila mwaka mvua zikianza wanapita. Na si wao tu. Wanyama wa usiku nao: kanu wanapita, kalunguyeye wanapita. Korongo hili ndiyo njia yao."

"Na tukijenga hapa?"

Shangazi alituambia baadaye kwamba mdomo ulimwia mzito. Kichwani nyumba ilikuwa imeshasimama, na dirisha limeshatazama mashariki. Akapiga moyo konde.

"Watafika ukutani, watasimama. Kule upande wa kiwandani nilipiga vigingi miaka kumi iliyopita. Mwaka wa kwanza walikuja wakazunguka-zunguka chini ya ukuta. Mwaka wa tatu sikumwona hata mmoja."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza, mwanangu?"

Binti akafunga chombo chake. Msimu ule wote walirudi kila asubuhi kabla ya kazi, mmoja na ramani, mwingine na daftari la shule, wakiandika nani kapita na kapitia wapi. Kisha binti akachora upya: korongo lote liachwe, hatua hamsini kila upande, ili msitu na bwawa viendelee kuunganika. Viwanja tisa vihamishiwe kwenye machimbo ya zamani ya mawe, ambako ardhi ilikuwa imeshavurugwa.

Baba aliposikia alipandisha sauti. "Umejipalia makaa mwenyewe! Miaka yote hiyo, halafu kiwanja unamwachia kobe?"

"Nimejipalia, ndiyo," alisema shangazi. "Lakini mle ndani ningelala usingizi gani?"

Kikao kikaitishwa. Mkuu wa ofisi hakukubali upesi. Ukanda wote huo, alisema, kwa ajili ya wanyama wasiolipa hata kodi? Watu wakacheka. Binti akamwomba mkuu amruhusu Mama Vigingi aseme. Shangazi akasimama, daftari kifuani.

"Mkuu, bandu bandu huisha gogo, na shoka nilishika mimi. Pande tatu za mji huu nimezipiga vigingi. Umebaki huu. Tukiukata, msitu na bwawa havitakutana tena. Na maji ya mvua yakikosa korongo, yatatafuta vyumba vyetu."

Mkuu hakutania safari hii. Aliuliza ni viwanja gani vitakavyopotea. Binti akasoma namba, na alipofika arobaini na moja akamgeukia shangazi.

"Hicho changu," shangazi akammalizia.

Ilichukua miezi minane, lakini mpango ulipita. Kule machimboni shangazi aliwaacha wenzake wanane wachague kwanza, akabakiwa na kona yenye umbo la sambusa. Tulimjengea kwa mikono yetu. Chumba chake kina pembe tatu, na kitanda kimekaa upande upande kama mgeni asiyejua akae wapi. Baba, aliyepiga kelele kuliko wote, ndiye aliyechanganya zege nyingi kuliko wote. Shangazi humshukuru Mungu kwa kila tofali, na kila akimshukuru Mungu humtaja na yule binti. "Alikuwa na cheti," husema, "na bado aliniuliza."

Mwezi uliopita binti alimletea nakala ya ramani iliyochapishwa. Shangazi aliitandaza mezani, akapitisha kidole kwenye ukanda wa kijani, akauliza yale maandishi madogo chini ni nini. Baba akavaa miwani. Yalikuwa majina ya walioandaa mpango: mkuu, wahandisi, wapimaji. La mwisho lilikuwa la shangazi, kamili, na jina la babu likifuatia.

"Rudia," shangazi alisema.

Baba akarudia mara tatu. Mara ya tatu hakuweza kuimaliza.